Baba fundi redio anataka injinia. Nichague kozi ipi?

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Nzega, mkoani Tabora. Nina miaka 20, nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa PCM, na nimetoka JKT wiki mbili zilizopita. Hisabati nimepata B, Kemia C, Fizikia D. Divisheni I ya pointi 9. Niliomba vyuo viwili na vyote vimenichagua. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamenipa Sayansi ya Kompyuta, miaka 3. Chuo Kikuu cha Dodoma wamenipa Uhandisi wa Kompyuta, miaka 4. Natakiwa nithibitishe kimoja kwa namba ya siri iliyoingia kwenye simu, na zimebaki siku tano.

Baba ni fundi redio. Nimekulia chini ya meza yake ya kazi. Rangi za rezista nilizijua kabla sijajua kusoma. Tangu nikiwa darasa la pili amekuwa akiwaambia wateja, "Mwoneni injinia wangu," na jina hilo limenishika mpaka mtaani, hata watoto wadogo wananiita Injinia. Siku majibu ya Dodoma yalipotoka alifunga duka saa nane mchana, jambo asilolifanya hata sikukuu, akazunguka kuwaambia mafundi wenzake. Ya Dar sijamwambia. Ujumbe uliingia nikausoma, nikauficha, na tangu siku hiyo chakula hakishuki vizuri.

Baba mdogo yuko Dar, anafanya kazi benki. Huyo nilimpigia nikamweleza yote. Akasema, "Nenda uhandisi bila kufikiria mara mbili. Mtu wa uhandisi akitaka kuandika programu anaingia tu, ila wa sayansi ya kompyuta hawezi kuwa injinia. Halafu siku hizi akili mnemba inaandika programu yenyewe. Kimbilia kwenye vyuma." Mwalimu wangu wa Hisabati naye anasema nikienda Dodoma nitakuwa nimejipoteza, lakini hakunieleza kwa nini. Kila mmoja ananitakia mema na kila mmoja ana lake.

Tabu ni kwamba mimi mwenyewe sijui ninapenda nini. Nikiwa nasubiri kwenda JKT nilikuwa dukani na baba. Alinipa stabilaiza nitengeneze. Nilifanikiwa kwa kufuata hatua alizonionyesha, lakini akiniacha peke yangu na mita mkononi nachoka haraka, na ninapolehemu nyaya huwa mawazo yangu yako kwingine. Najilaumu kwamba huo ni uvivu, maana baba anaweza kukaa na redio moja tangu asubuhi hadi Magharibi na bado anapiga mluzi.

Kilichonichangamsha dukani ni kitu ambacho naona aibu hata kukiandika. Baba ana makatoni ya kadi za wateja, kama 1,200 hivi, za miaka na miaka. Mtu anaacha redio, anarudi baada ya mwaka, na baba anatafuta kadi yake nusu siku. Nilizimwaga zote sakafuni nikazipanga kwa majina. Sasa mteja akija nafungua katikati ya safu; nikiona jina lake liko mbele zaidi naachana na nusu ya nyuma, nafungua katikati ya nusu iliyobaki, hivyohivyo mpaka nimpate. Dakika haiishi. Juzi alikuja mzee kutoka Bukene, redio yake ya tangu 2019, akaipata kabla hajakaa kwenye benchi. Lakini hizo ni kadi tu, Shangazi, si kompyuta.

Na kuna swali linanisumbua tangu 2024, TANESCO walipotutaka tuingize namba nyingi kwenye mita ya LUKU. Nilimuuliza baba: mita yetu haina laini ya simu, sasa inajuaje kwamba namba hii ni halali, na kwa nini ya jirani inaikataa? Baba akaanza kunieleza vizuri sana jinsi mita inavyopima umeme na kuukata uniti zikiisha. Nikamwambia siyo hilo ninalouliza. Akanitazama, akacheka, akarudi kwenye redio yake.

Nisaidie Shangazi. Sitaki kumvunja baba moyo, na sitaki kujuta.

Injinia wa Mtaani, Nzega

*

Marahaba mwanangu.

Nikupe jibu kwanza ili usisome kilichobaki roho ikiwa juu. Thibitisha Dar es Salaam, usome Sayansi ya Kompyuta. Lakini kabla ya kubonyeza chochote kwenye simu, kaa na baba yako umweleze. Siku tano zinatosha kwa yote mawili.

Nakuambia haya nikiwa mtu aliyesoma uhandisi. Mwaka wangu wa pili kazini, kwenye kampuni ya simu, nilipelekwa kwenye mnara mlimani huko wilaya ya Mpwapwa. Mnara ulikuwa unazimika kila usiku wa manane na asubuhi unarudi wenyewe. Vifaa vya minara hutumia umeme wa volti 48, na usiku ule ulikuwa unatoka kwenye betri. Betri tulizipima, nzima. Chaja tuliipima, nzima. Usiku wa pili, baridi imenikaa mifupani, nilipitisha mkono kwenye ungio moja la kebo likaniunguza. Nati ilikuwa imelegea kidogo tu; umeme ukipita pale unageuka kuwa joto, na volti zinapungua kabla ya kufika kwenye mitambo. Niliikaza kwa spana namba 13. Mwanangu, nilikaa chini ya ule mnara nikatokwa na machozi ya furaha. Hadi leo kiganja hiki kinakumbuka lile joto.

Nimekusimulia hayo kwa sababu nimesoma barua yako nikilitafuta joto hilo na sikuliona. Limo kwa baba yako, yule anayepiga mluzi na redio moja tangu asubuhi. Wewe umeandika kwamba unapolehemu mawazo yako yako kwingine, na umejihukumu kuwa mvivu. Mvivu hamwagi kadi 1,200 sakafuni na kuzipanga moja moja wakati hakuna aliyemtuma.

Tuzungumze kuhusu hizo kadi, maana ndizo zilizonifanya niwe na uhakika. Ulichokifanya kimo katika masomo ya mwanzo kabisa ya Sayansi ya Kompyuta, na wengine hukifundishwa ubaoni bila kukielewa. Baba yako akitafuta kadi moja baada ya nyingine, kwa wastani atafungua 600 kabla ya kumpata mtu. Wewe kila ukifungua katikati unatupa nusu: 1,200 zinabaki 600, kisha 300, 150, na kadhalika. Ukihesabu mpaka mwisho, hutafungua zaidi ya mara 11. Sasa sikia la ajabu zaidi: duka likikua, kadi zikawa 2,400, kazi ya baba itaongezeka maradufu, yako itaongezeka mara moja tu, kuwa 12. Zikifika milioni moja, utafungua mara 20. Hiyo njia yako inaitwa algorithimu, na kuna watu wanaotumia maisha yao yote kutafuta njia za namna hiyo kwa matatizo magumu zaidi: safari fupi kupita miji 50, jina moja kati ya wateja milioni wa benki, mlolongo wa vipimo vya hospitali. Kadi, karatasi au kompyuta, kwao ni mamoja. Kompyuta ni mtumwa wa njia hiyo. Kwa hiyo uliposema "si kompyuta, ni kadi tu," uliigusa roho ya somo lenyewe bila kujua.

Sasa LUKU, kwa kuwa baba yako alicheka akarudi kwenye redio na swali lako likabaki hewani. Uko sahihi, mita yenu haihitaji laini ya simu. Ndani yake mna ufunguo wa siri wa mita hiyo peke yake, na mfumo unaouza umeme unaujua pia. Ukilipia, mfumo unachukua kiasi cha uniti, unachukua muda wa ununuzi kwa hesabu ya dakika, unaongeza namba ya kuhakiki, kisha unavichanganya vyote kwa ufunguo wa mita yako. Kinachotoka ni zile tarakimu 20, yaani tokeni. Mita inazifungua kwa ufunguo wake. Ya jirani ukiiingiza kwako, ufunguo wako unaifungua ikatoka takataka, namba ya kuhakiki haikubali, basi. Ukirudia tokeni ya jana, mita inakumbuka kwamba dakika ile imeshatumika.

Na zile namba nyingi za 2024? Dakika hizo zilikuwa zinahesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na zimetengewa nafasi ya biti 24, yaani tarakimu 24 za 0 au 1 tu. Biti 24 haziwezi kuhesabu zaidi ya 16,777,216. Gawanya kwa dakika za siku, kisha kwa siku za mwaka, utapata karibu miaka 32. Hesabu ilikuwa inakoma tarehe 24 Novemba 2024. Popote duniani penye mita za mfumo huu, ilibidi watu waingize makundi mawili ya tarakimu 20 ili kuibadilisha mita, ndipo liingie la tatu lenye umeme wenyewe. Bibi kule kijijini ambaye hajawahi kusikia neno "biti" alisimama mbele ya mita akibonyeza tarakimu 60, kwa sababu ya uamuzi uliofanywa miaka mingi nyuma kuhusu ukubwa wa namba moja.

Kama ulipokuwa unasoma aya hizo mbili moyo ulikuwa unakwenda mbio, tayari unajua unakoelekea.

Alichokueleza baba yako nacho ni kikubwa, nisije nikaonekana nakidharau. Mita inapimaje umeme kwa usahihi usiomwibia mteja wala shirika? Swichi yake ya ndani inakataje volti 230 mara maelfu bila kuungua? Inavumiliaje radi na joto la Nzega miaka mingi ikiwa ukutani, bila kupumzika hata dakika? Huo ni uhandisi, na mtu anayeujua anastahili heshima yote. Mlikuwa mmesimama mbele ya kifaa kimoja, yeye akauliza la kwake na wewe la kwako. Hakuna aliyekosea.

Darasani mambo hujigawa hivyohivyo, ingawa mipaka si ukuta. Kozi zote mbili zina kuandika programu, mitandao, na jinsi kompyuta ilivyojengwa ndani. Baada ya hapo wa sayansi wanaelekea kwenye mantiki na hisabati ya vitu vinavyohesabika, algorithimu, hifadhidata, mifumo endeshi, lugha za programu. Wa uhandisi wanaelekea kwenye saketi, elektroniki, mawimbi na ishara za umeme, maikroprosesa, mifumo ya udhibiti. Mwaka wa pili na wa tatu wa uhandisi ni Fizikia iliyovaa nguo za kazi. Ile D yako haikuzuii, wapo waliofika na D wakamaliza vizuri kabisa, lakini walifika wakiwa na hamu. Bila hamu, kila muhula unakuwa wa kusapu, yaani kurudia mitihani uliyofeli, na chuoni kusapu kukizidi kunaishia kwenye disko, yaani kuondolewa chuo. Kulikuwa na kijana tuliyeanza naye mwaka wa kwanza, kichwa cha Hisabati kuliko sisi sote, aliyekuja kwa sababu nyumbani walitaka injinia. Usiku alikuwa anatatua mafumbo ya mantiki kwenye daftari la saketi. Mwaka wa tatu hakurudi. Hakuna aliyemuuliza mapema swali unaloniuliza wewe leo.

Nije kwa baba yako mdogo, kwa sababu hoja yake ni nzito na nusu yake ni kweli. Ni kweli kwamba wa uhandisi wa kompyuta huingia kwenye kazi za programu. Nusu ya niliosoma nao wako huko. Angalia pia matangazo ya kazi, ya serikali na ya kampuni: kwa kazi za mifumo wanataja Sayansi ya Kompyuta, Uhandisi wa Kompyuta, Teknolojia ya Habari, vyote kwa mstari mmoja. Na ni kweli kwamba mlango wa upande wa pili umefungwa. Kuwa mhandisi hapa kwetu ni jambo la kisheria. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, inakusajili kwanza kama mhandisi mhitimu, unafanya kazi miaka kama mitatu chini ya wakubwa, ndipo unaposajiliwa kamili na kuweka "Eng." mbele ya jina lako. Shahada ya Sayansi ya Kompyuta haikufikishi hapo. Ukitaka siku moja uwe wewe unayewajibika kwa sahihi yako kwenye mfumo wa udhibiti wa mgodi wa Geita, au ishara za treni ya SGR, mlango ni ule wa Dodoma. Lijue hilo kabla ya kuchagua, usije ukaambiwa baadaye.

Ninapotofautiana naye ni hapa. Anakushauri uchukue kozi ya kwenda nayo popote, kama mtu anayebeba mwavuli na koti la baridi na miwani ya jua kwa safari moja. Mizigo hiyo inabebwa na mgongo wako. Ni miaka 4, na sehemu kubwa ni ya masomo ambayo umesema mwenyewe yanakuchosha, ili mwishoni uende ulikotaka kwenda tangu mwanzo, ukiwa umechelewa mwaka na huenda na GPA iliyolegea. Mtu wa namna yangu, anayependa lile joto la nati, kwake miaka hiyo si mzigo. Kwako ingekuwa.

Kuna pia fedha, na naligusa haraka kwa kuwa baba yako atauliza. Ukipata mkopo wa HESLB, mwaka wa nne ni deni la mwaka mmoja zaidi, na ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka liishe. Lakini usichague kozi kwa ajili ya hilo peke yake. Miaka 4 ya kitu unachokipenda ni rahisi kuliko 3 ya usichokipenda.

Kuhusu akili mnemba, wasiwasi wake nauelewa, kwani wazazi wengi wananiuliza hivyo. Kuandika mistari ya programu kumekuwa rahisi, hilo halina ubishi, na anayetegemea kuandika mistari tu atapata shida. Lakini nikupe kisa cha kazini. Kijana mmoja alipewa kazi ya kutafuta majina yaliyojirudia kwenye orodha ya wateja. Chombo kikamwandikia programu kwa sekunde chache, ikafanya kazi safi kwa majina 100. Tulipoiwekea majina laki moja, ikaganda. Akairudisha kwenye chombo, akarudishiwa nyingine yenye ugonjwa uleule. Ilikuwa inalinganisha kila jina na kila jina: kwa 100 ni mara 10,000, kompyuta haioni kitu, kwa laki moja ni mara bilioni 10. Aliyeona tatizo ni binti wa Sayansi ya Kompyuta aliyekuwa na miezi minne kazini, naye alisema neno moja tu: "Zipangeni kwanza." Yaani kama ulivyofanya wewe sakafuni dukani. Na wala vyuma si kimbilio, kwa kuwa wahandisi wa saketi nao wanatumia vyombo hivyohivyo sasa.

Sitakuficha kwamba ajira ya kwanza ni ngumu kwa kozi zote mbili. Cheti peke yake hakikupeleki mbali. Anza mwaka wa kwanza kujenga vitu vidogo vinavyotumiwa na watu halisi, na duka la baba ndilo mteja wako wa kwanza: hizo kadi ziwe kwenye simu yake. Msimu wa mafunzo kwa vitendo ukifika utakuwa na kitu cha kuonyesha. Masomo yenu yatakuwa Kijitonyama, siyo Mlimani kwenye kampasi kuu, kwa hiyo chumba kitafutwe ukijua hilo. Na baba asiuze kitu cha thamani kwa ajili ya kompyuta mpya. Iliyotumika yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD inakutosha mpaka unamaliza.

Sasa baba. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, maana kozi utaisoma na utaimaliza, lakini neno utakalomwambia wiki hii atakaa nalo.

Anza na ulilomficha. Usilichanganye na uamuzi. Mwambie, "Baba, Dar nao walinichagua, niliogopa kukwambia." Mwambie dukani jioni, wateja wakishaondoka, mkiwa mezani pake, siyo mbele ya wageni wala kwa kupitia baba mdogo. Mwache amalize anachokifanya kwa mikono yake. Mafundi hawasikii vizuri mikono ikiwa kazini.

Kisha mwombe achague jina la mteja yeyote, wa zamani kadiri anavyotaka, na ahesabu kwa sauti unapoitafuta kadi. Usimweleze chochote kwanza. Akifika nane au tisa na kadi iko mkononi mwako, ndipo umwambie kwamba kuna chuo kinafundisha hilo miaka 3. Mweleze na LUKU, yale ya ufunguo na dakika. Fundi wa miaka mingi ataelewa haraka kuliko unavyodhani, na atafurahi kupata jibu la swali aliloshindwa kukujibu. Huenda naye limemkaa rohoni.

Atauliza kuhusu jina. Atasema ameshawaambia watu. Usimjibu kwamba siku hizi kila mtu anaitwa injinia, kwa kuwa si kweli na yeye analiheshimu jina hilo. Mwambie ukweli: ERB hawatakusajili, na unalijua hilo, na bado unachagua hivi. Mwambie pia ulichojifunza chini ya meza yake, kwamba kitu kilichoharibika kina sababu na sababu inatafutwa kwa utaratibu mpaka ipatikane. Hilo unaondoka nalo kwenda Kijitonyama. Programu nazo zinaharibika, na mtu asiyelelewa na fundi hukata tamaa mapema sana.

Anaweza kunyamaza. Anaweza kuzima taa, akafunga duka, mkarudi nyumbani hamjasemezana. Usimfuate na maneno usiku huo. Mpikie chai asubuhi kama kawaida, uende naye dukani kama kawaida. Ikibidi mama au mtu mzima wa familia azungumze naye, iwe siku ya pili au ya tatu. Ndiyo maana nataka uanze kesho, usisubiri siku ya tano.

Na jambo moja nikuachie, kwa sababu ninakujua kwa barua moja tu. Usiku huo, mkishazungumza, keti peke yako mbele ya stabilaiza nyingine iliyokufa, uifungue. Usifuate hatua za baba. Kaa nayo saa mbili. Ikiwa saa mbili zitapita bila wewe kujua, na kukosa jibu kukakufanya utake kurudi asubuhi, basi mimi nimekusoma vibaya na Dodoma ni kwako, nenda kwa furaha, na D ya Fizikia tutaijua mbele ya safari. Ikiwa dakika ya ishirini utajikuta umeiacha wazi na unapanga upya kadi, thibitisha Dar.

Ukishathibitisha, niandikie. Na uniambie ile kadi aliyoichagua baba ilipatikana kwa kufungua mara ngapi.

Shangazi